Kazi Moja, Koti Moja

Foleni ilianzia mlangoni mwa ofisi ya nyuma ya supamaketi, ikapita kwenye friji za maziwa, ikazunguka rafu za sabuni na kutokea nje kwenye maegesho ya magari. Kila aliyekuwamo alishika bahasha ya kaki. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wateja wamefurika, matoroli yanagongana, kipaza sauti kinarudia tangazo la mafuta ya kupikia mpaka kimeanza kukwaruza. Katikati ya vurugu hiyo wanafunzi zaidi ya arobaini walikuwa wanagombea nafasi moja: mtu wa kukaa kwenye kaunta ya mizigo, pale wateja wanapoacha mikoba yao na kupewa kibao chenye namba kabla hawajaingia ndani.

Msichana mmoja aliyevaa blauzi ya buluu na sketi ya dada yake, iliyobanwa kiunoni kwa pini mbili, alikuwa anaomba kazi mahali pa kumi na mbili mwezi huo. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea upimaji wa ardhi. Ameshajaribu duka la dawa, saluni mbili, vibanda vya kuchapa na kutoa kopi, na mgahawa ambao mwenyewe alimwangalia viatu kabla ya kumwangalia usoni. Kote huko mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoulizwa ratiba yake ya masomo. Akishaitaja, anaambiwa atapigiwa simu, na simu yenyewe ikawa haipigwi na mtu ila mama yake, kuuliza kama amekula.

Mbele yake alisimama kijana mrefu kupita kiasi, shati jeupe lililofuliwa hadi kola imelegea, tai ya kuazima iliyomwishia katikati ya kifua. Aliegemea mstari wa matoroli, bahasha kwapani, na kwa muda mrefu msichana alidhani anawaza. Kumbe amelala. Alitambua hivyo pale matoroli yalipoanza kuteleza pole pole kuelekea kwenye trei za mayai, na kijana akiteleza nayo. Akamdaka mkanda wa suruali.

"Kaka, amka. Unasafiri."

Kijana akafumbua macho, akazitazama trei, kisha akamtazama aliyemshika. "Asante," akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeyazoea. "Tulikuwa tumefika wapi?"

"Kwenye mayai."

"Basi ilibaki kidogo tu nipate kazi ya kufagia."

Msichana alicheka bila kutaka. Alikuwa na siku nyingi hajacheka, akasikia mashavu yanauma.

Foleni ilipungua kwa namna ya ajabu. Watu waliingia ofisini na kutoka upesi, kwa sababu mle ndani msimamizi alikuwa anataja saa za kazi: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, siku sita kwa juma. Ilipofika saa nane mchana walibaki wawili. Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, aliitwa Mama Zamu na wafanyakazi wote, maana zamu za watu hamsini alizihifadhi kichwani bila karatasi. Akawaita pamoja kwa kuwa naye alikuwa amechoka. Akauliza ratiba. Msichana akasema ana vipindi Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa nane mchana. Kijana akasema anasomea ualimu wa hesabu, vipindi vyake ni vya asubuhi, vinaisha saa sita. Mama Zamu akafunga daftari na kuwapa pole, ile pole ambayo msichana alikuwa ameshaijua kwa moyo.

"Mama, samahani," kijana akasema. "Huyu ana asubuhi, mimi nina mchana. Ukituunganisha unapata mtu mmoja mzima."

Msichana akageuka kumtazama. Hawakuwa wamejuana kwa zaidi ya saa mbili. Mama Zamu akavaa miwani, akawapima mmoja mmoja. Akauliza kama ni ndugu. Wakasema hapana. Akauliza kama ni wachumba, na msichana akakataa haraka kuliko ilivyohitajika.

"Haya, nisikilizeni," Mama Zamu akasema. "Kazi ni moja, mshahara ni mmoja, koti ni moja. Mtagawana mnavyojua wenyewe. Lakini mikoba ya watu haiachwi peke yake hata dakika moja. Siku mmoja wenu akikosea, sitauliza ni nani. Mnaondoka wote wawili."

Ndivyo walivyopata kazi. Na kwa kuwa pale supamaketi watu hawakuwa na muda wa kushika majina ya vibarua, yeye akawa Mpimaji, mwenzake akawa Mrefu.

Koti lenyewe lilikuwa la manjano, na mifuko miwili mikubwa. Mpimaji lilimfika magotini. Kwa Mrefu mikono ya koti iliishia kwenye viwiko. Kila siku saa saba kasoro dakika kumi kijana alitokea mlangoni akihema, vitabu ndani ya mfuko wa plastiki, na Mpimaji alilivua koti na kumpitishia juu ya kaunta likiwa bado na joto lake. Siku za mwanzo lilikuwa koti tu. Wiki ya tatu ilipofika, asubuhi akilivaa alikuta harufu ya sabuni ya mwenzake kwenye kola, akawa analifunga vifungo taratibu kuliko kazi ilivyotaka.

Zile dakika kumi ndizo zilizowafanya wawe watu wawili badala ya mtu mmoja mzima. Mpimaji alimsimulia mizigo ya asubuhi: mzee aliyeacha mlango wa mbao na kupewa kibao namba tisa, mama aliyeacha saa ya ukutani na kuomba itazamwe isije ikasimama. Mrefu naye alikuwa na yake ya jana jioni. Kisha Mpimaji anakimbilia chuo, na akiwa njiani anapiga simu.

"Kaunta ya mizigo, tukusaidie nini?"

"Kuna kitu changu nimekiacha hapo."

"Kina namba?"

"Hakina. Ni kirefu, na kinapenda kusinzia."

"Hicho hatukitoi bila kibao, dada."

"Basi kitunze vizuri," Mpimaji akasema, akakata simu mwenyewe, na akaingia darasani akiwa na uso ambao wenzake walimuuliza amepewa nini.

Jumapili kaunta ilishikwa na mtu mwingine. Jumapili yao ya kwanza walikutana kwenye bustani ya manispaa. Mpimaji alivaa gauni la kijani lenye maua madogo meupe, amesuka nywele upya, masikio yana hereni za dada yake. Mrefu alikuja na shati lilelile jeupe, ila bila tai, mikono ameikunja, na kwa mara ya kwanza Mpimaji aliona kwamba ni kijana mzuri hasa. Walikaa kwenye benchi wakiwa na mengi ya kuambiana. Mrefu akamweleza habari za shangazi yake aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Mpimaji akamweleza maisha ya kulala kwenye kochi la sebuleni kwa dada, kochi ambalo haliwi lake mpaka shemeji amalize mpira kwenye televisheni. Wakafika hapo. Sentensi iliyofuata hakuna aliyeimaliza. Mlinzi wa bustani aliwaamsha jua linazama, kichwa cha mmoja begani mwa mwenzake, akawaambia geti linafungwa.

Waliona haya, kisha wakacheka, na njiani Mrefu akaushika mkono wake na hakuuachia mpaka kituoni. Nyumbani dada akauliza walikuwa wanafanya nini saa zote tano.

"Tumelala," Mpimaji akajibu kwa uaminifu, na shemeji akapaliwa na chai.

Yalikwenda hivyo kwa miezi miwili. Si kwamba maisha yalikuwa mepesi. Nusu ya kazi ilitosha nusu ya mahitaji, na kwenye vipindi vya mchana Mpimaji aliandika maneno ambayo baadaye hakuweza kuyasoma. Lakini kulikuwa na saa saba kasoro kumi, na mtu huvumilia mengi akiwa na dakika kumi za kuzingoja.

Mtihani wa vitendo ulipangwa Jumanne, saa nane kamili mchana, uwanja wa nyuma wa chuo. Ulikuwa mtihani mkubwa wa muhula, na asiyeutokea angeurudia mwaka unaofuata. Mpimaji alimkumbusha Mrefu Jumamosi, akamkumbusha Jumatatu, na Mrefu akaapa kwamba atafika hata kabla ya saa saba.

Saa saba ikafika. Mpimaji alikuwa ameshavua koti, amelikunja juu ya kaunta. Saa saba na robo akapiga simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, na tena, mara ya sita ikawa imezimwa. Nyuma yake rafu zilikuwa na mikoba thelathini na minne. Mama Zamu alikuwa makao makuu kwenye kikao, na mlinzi wa mlangoni alisema angependa kusaidia lakini mlango wake nao hauachwi. Mpimaji akalivaa koti upya. Alipokea mikoba, akatoa vibao, akasema karibu na asante, huku macho yakiwa kwenye saa ya ukutani. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu akaacha kuitazama.

Mrefu aliingia saa tisa na dakika kumi, mbio, macho mekundu, shati limetoka kwenye suruali. Akaanza kusema kabla hajafika kwenye kaunta. Shangazi ameumwa ghafla, amemkimbiza hospitali, simu ikaisha chaji hukohuko, amsamehe. Mpimaji alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Yote yakamwishia mdomoni. Akauliza shangazi anaendeleaje sasa. Mrefu akatazama chini, akasema hajambo kidogo.

"Mungu amsaidie," Mpimaji akasema, akampa koti. Alitembea hadi chuo ingawa alijua kwamba amechelewa, akakuta uwanja mtupu na vigingi vimeshang'olewa. Mhadhiri wake, mtu wa maneno machache, alimwambia bila ukali kwamba mtihani wa nyongeza unawezekana kwa mwenye barua ya ushahidi tu. Barua atoe wapi? Akimwomba Mama Zamu, Mama Zamu atajua kwamba zamu iliharibika, na wote wawili wataondoka. Akaamua kumeza. Usiku huo, kochini, hakumlaumu Mrefu hata kwa mawazo. Mgonjwa ni mgonjwa.

Jumapili akanunua machungwa sita na kwenda kumpa shangazi pole. Hakumwambia Mrefu; alitaka iwe heshima yake mwenyewe. Alielekezwa hadi kwenye nyumba ya vyumba vingi inayozunguka ua mmoja, akamkuta mwanamke mnene, mchangamfu, anaanika mashuka kwenye kamba na kuimba. Mpimaji akaamkia, akajitambulisha kuwa anafanya kazi na kijana wake, akasema amekuja kumjulia hali baada ya kulazwa Jumanne.

Shangazi akaacha kuanika. "Nilazwe mimi? Mwanangu, mara ya mwisho kulala hospitali nilikuwa najifungua." Akapokea machungwa, akamvutia kigoda. "Mgonjwa ni huyo mwenzako, labda. Hasemi kwa mtu. Saa kumi alfajiri anaondoka kwenda kupakia mikate kwenye magari ya kiwanda, akitoka huko chuo, akitoka chuo kwenu. Jumanne mwalimu wao hakutokea, akarudi saa nne, akakaa kwenye kiti hicho hapo avue viatu. Kiatu kimoja hakukivua. Nikasema leo Mungu kampa mapumziko, nikamfunika kanga na kumfungia dirisha. Nilikosea?"

"Hapana, shangazi," Mpimaji akasema. "Hukukosea."

Alikaa kwa adabu mpaka chai ikaisha, akaaga, na akatoka nje. Mrefu alikuwa amerudi kutoka dukani na mkebe wa mafuta ya taa. Wakakutana pale kwenye geti. Alipomwona Mpimaji, na nyuma yake shangazi akipunga mkono, hakuhitaji kuambiwa.

"Ulilala," Mpimaji akasema.

"Nililala."

"Mimi ndiye ninayelala kwenye kila kiti ninachokikalia. Ungeniambia umelala, ningekuelewa kuliko mtu yeyote hapa duniani. Wewe ukaona bora umlaze shangazi yako hospitali."

Mrefu akaeleza, na maelezo yake hayakuwa na mpangilio. Kwamba kazi ya mikate alianza kabla ya supamaketi na aliona aibu kusema. Kwamba kwenye foleni ile alijitokeza kama mwanaume mwenye akili, akaogopa kuonekana mtu anayeshindwa kukaa macho siku moja tu aliyoombwa. Kwamba uongo ulimtoka njiani, akikimbia, na alipouona uso wa Mpimaji unalainika hakuweza tena kuurudisha.

"Nilikuombea," Mpimaji akasema. "Nimekaa siku tano naomba shangazi apone." Akaenda zake, na safari hii hakuna aliyemshika mkono mpaka kituoni.

Mapenzi mengine yakivunjika watu hupata nafasi ya kutoonana. Hawa hawakuwa nayo. Kesho yake saa saba kasoro kumi Mrefu alitokea mlangoni kama kawaida, na Mpimaji akalivua koti, akaliweka juu ya kaunta badala ya kumkabidhi, akaondoka bila kugeuka. Siku iliyofuata hivyohivyo. Wiki tatu. Mrefu akituma ujumbe, haujibiwi. Akisema habari za mchana, anajibiwa nzuri. Mpimaji aliona jinsi mifupa ya mashavu ya mwenzake inavyochomoza, akajilazimisha asione. Jioni dada alimkuta anapika huku amesahau kuwasha jiko, akamuuliza ni nini, na Mpimaji akamweleza yote. Dada alisikiliza akimenya vitunguu. Alisema uongo ni uongo, asiuite jina lingine. Kisha akasema pia kwamba shemeji, mwaka wao wa kwanza wa uchumba, alimdanganya ana kazi kwa miezi minne, akawa anatoka asubuhi amevaa vizuri na kukaa stendi mpaka jioni. "Sijakwambia umsamehe," dada akamalizia. "Nimekwambia tu kwamba aibu ya kukosa kazi inawafanya watu wawe wajinga."

Alhamisi ya wiki ya nne Mrefu hakuja saa saba kasoro kumi. Alikuja saa sita, ameacha kipindi cha mwisho, akapita kaunta moja kwa moja hadi ofisi ya Mama Zamu, akakaa humo nusu saa. Alipotoka alikuwa na karatasi yenye mhuri. Akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa barua kwa mhadhiri wa upimaji: kwamba siku ya mtihani mwanafunzi huyu alizuiliwa kazini kwa sababu mfanyakazi wa zamu ya mchana hakufika, na kosa si lake.

Mpimaji akaisoma mara mbili. "Umemwambia kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na yeye akasema nini kuhusu kazi?"

Mrefu akamweleza. Mama Zamu alisikiliza vizuri, akaandika barua kwa mkono wake. Halafu akasema masharti ni masharti. Mwisho wa mwezi wanaondoka. Mrefu alimwomba amfukuze yeye peke yake, akaambiwa nusu mtu hawezi kushika kaunta.

"Ulishauriana na nani?" Mpimaji akauliza, sauti chini kwa sababu ya wateja. "Hii kazi ni nusu yangu. Ningeweza kukwambia mtihani nitaurudia mwakani, kazi tusiipoteze. Umenirudishia kimoja, umeninyang'anya kingine, na vyote umeamua peke yako."

Mrefu alikubali kwamba hakulifikiria hivyo. Hakujitetea. Mpimaji aliikunja barua, akaitia kwenye mkoba, maana hasira haimzuii mtu kujua thamani ya karatasi yenye mhuri. Akaondoka.

Mhadhiri aliipokea barua, akapanga mtihani wa nyongeza Jumatano asubuhi, siku ambayo mkataba wa kaunta ungekuwa umekwisha. Akaongeza jambo moja: kazi ya kupima vimo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anasoma kwenye darubini, mwingine anasimama mbali ameshika fimbo yenye namba, wima, bila kuitikisa. Msaidizi ajitafutie. Mpimaji aliwauliza wenzake wote. Mmoja alikuwa anauza vocha, mmoja anamfundisha mtoto wa mtu, mmoja anasubiri kuitwa mahali na anaogopa kwenda mbali na simu. Jumanne jioni majina yakamwishia. Alikaa ukingoni mwa kochi akiitazama simu, na shemeji, ambaye huwa hasemi, akapunguza sauti ya televisheni na kusema kwamba yeye angesaidia ila mgongo.

Mpimaji akapiga.

"Ninahitaji mtu wa kusimama," akasema baada ya salamu. "Saa mbili nzima, juani, bila kutikisika. Nimeshakosa wengine wote."

"Nakuja," Mrefu akasema.

"Kama kuna uwezekano hata mdogo kwamba utalala, niambie sasa hivi."

Mrefu akafikiri kwanza. "Upo," akasema. "Kesho asubuhi nina zamu ya mikate. Nitaenda kumwambia bosi sasa hivi kwamba kesho siji. Akikataa nitakupigia kabla hujalala, ili ujue."

Hakupiga. Asubuhi Mpimaji alimkuta uwanjani ameshafika, kofia ya shangazi kichwani, shati jeupe limepigwa pasi. Mhadhiri akawaonyesha vigingi kumi na viwili, akaeleza kwamba kipimo kinaanzia cha kwanza, kinazunguka uwanja na kurudi hapohapo, na hesabu lazima ikubali, kimo cha mwisho kilingane na cha kwanza. Simu aliziruhusu kwa ajili ya kumwelekeza msaidizi. Akaenda kuketi kwenye gari lake, mlango wazi, gazeti mapajani.

Mpimaji akasimamisha miguu mitatu ya darubini, akasawazisha kiputo cha maji kinachoonyesha kwamba imekaa sawa, akainama kwenye kioo chake. Alikuwa anatafuta namba za fimbo. Akaipata, na pembeni yake akauona uso wa Mrefu, mkubwa na wa karibu kuliko alivyowahi kuuona tangu waachane, ingawa mwenyewe alikuwa mita themanini mbali na hakujua kwamba anaonekana. Jasho lilimteremka hadi kidevuni na hakuthubutu kulifuta, mikono yote miwili iko kwenye fimbo. Kope zilikuwa nzito. Midomo ilicheza. Mpimaji alisoma kimo, akaandika, akainama tena na kumkuta bado anaongea peke yake. Kigingi cha pili vivyohivyo, na cha tatu. Kufika cha saba akachukua simu, akamwambia aibane begani bila kuachia fimbo.

"Sogea kidogo kushoto. Hapo. Unasema nini muda wote?"

"Majedwali ya kuzidisha," Mrefu akajibu. "Niko kumi na saba mara kumi na tatu. Nikinyamaza nitalala. Wewe ulisema nikuambie."

Mpimaji alikuwa ameinama, jicho kwenye kioo. Namba za fimbo zilianza kuyumba, naye alijua kwamba fimbo haijatikisika.

"Umechoka kiasi gani?" akauliza. "Sema ukweli."

"Nimechoka mpaka nasikia mifupa," Mrefu akasema. Kwenye kioo macho yake yalitazama mbele tu, kwa utii, kule alikoambiwa atazame. "Nimechoka tangu mwaka jana. Na nimechoka kukukabidhi salamu ukazijibu kama za mteja. Najua nilistahili. Basi tu, umeuliza."

Mpimaji akafuta jicho kwa mkono wa blauzi. Akasoma namba, akaiandika, akaihakikisha.

"Na mimi nimechoka," akasema. "Nimechoka kukukasirikia. Ni kazi nzito kuliko ya mizigo, na haina hata nusu ya mshahara. Usinidanganye tena, hata kwa kitu kidogo, hata kwa kunihurumia. Na usiniamulie."

"Sitakudanganya. Sitakuamulia."

"Haya. Kigingi cha nane. Usikimbie, utajikwaa."

Walipofunga mzunguko hesabu ilikubali. Mhadhiri aliipitia karatasi mara mbili amesimama, akatia sahihi, akasema tu kwamba matokeo yatabandikwa Ijumaa, lakini alilisema akitabasamu, na hiyo kwake ilikuwa hotuba. Kisha akamgeukia Mrefu. Alisema amekuwa akimtazama. Likizo inayokuja ana kazi ya kupima barabara, na mwaka mzima ametafuta mtu anayejua kusimama wima bila kuchezacheza. Siku sita kwa juma, je, anaweza?

Mpimaji aliona jinsi mwenzake alivyovuta pumzi kujibu ndiyo, kama mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni na bahasha angejibu. Aliona pia alivyoiachia.

"Naweza siku nne, mwalimu," Mrefu akasema. "Nikichukua sita nitakudanganya. Na kuna huyu hapa anayejua kusoma hiyo darubini, naye hana kazi tangu jana."

Mhadhiri akacheka, akasema siku nne zinatosha, na kwamba huyo hapa alikuwa ameshamwandika.

Walitoka uwanjani wakiwa wamebeba miguu ya darubini kuirudisha stoo, mmoja mbele na mwingine nyuma, hatua zao hazilingani kwa sababu ya urefu. Njia ilikuwa na wanafunzi wanaotoka vipindi, wengine wakiwa wamevaa tai, bahasha mkononi, wanawahi mahali. Mrefu alikuwa nyuma, na alisema bila kusimama, labda kwa sababu hakuonekana uso.

"Mpimaji. Tukimaliza chuo ninataka kuja kwenu kuzungumza na dada yako na shemeji. Kwa heshima. Kukuoa."

Mpimaji alitembea hatua kadhaa. Kisha akasimama, miguu ya darubini ikasimama pamoja naye, akageuka. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, blauzi imelowa mgongoni, na kwa Mrefu hajawahi kuwa mzuri kama hivyo.

"Tukimaliza chuo," akasema, "tutalala kwanza. Siku tatu, kila mtu kwao. Ukiamka bado unataka, njoo."